Mguu wa Mtoto ni wa Shule, Kichwa Chake ni cha Nani?

Ukifika msimu wa michezo, shule zetu za Tana Delta hupatwa na mapenzi ya ghafla. Mwalimu mkuu ambaye tangu Januari hajui jina la beki wake wa kushoto huanza kumwita "mwanangu". Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo juzi hupigiwa simu arudi upesi, ya karo yatazungumzwa. Jezi hutolewa stoo, miiba ya mathenge hufyekwa kandokando ya uwanja ili mpira usipasuke, na jikoni maharagwe hupumzika kidogo. Kisha ngazi huanza kupandwa: kanda, kaunti ndogo, kaunti, eneo la Pwani, taifa na, kwa wachache wenye bahati, mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Mtoto akipanda, shule nzima hupanda naye. Akiteleza, huteleza peke yake.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, nami siji na adabu za semina. Chama cha michezo ya shule za sekondari, wizara, walimu wakuu, serikali ya Kaunti ya Tana River pale Hola, na sisi wazazi tunaopiga vigelegele pembeni, sote tumeupanga mchezo wa shule kana kwamba mtoto ni miguu miwili iliyoshikana. Kuna refa. Kuna mshika kibendera. Kuna mtu wa kukagua vyeti vya kuzaliwa, maana tunaogopa vijeba kuliko tunavyoogopa msiba. Kuna mwenye barafu na bandeji. Wa kumuuliza mtoto usiku wa kuamkia fainali kama amelala, hayupo. Wa kumuuliza tena wiki moja baada ya kukosa penalti, huyo hatujawahi hata kumfikiria. Kutokuwepo kwake si bahati mbaya. Hatukumwajiri kwa sababu kikombe hakimhitaji.

Mtazame kijana wa Kidato cha Nne anayecheza winga mahali popote kati ya Minjila na Kipini. Agosti 2012 alikuwa mtoto mdogo, bado wa kubebwa mgongoni watu wakikimbia. Tarehe 22 ya mwezi huo, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na takriban watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba zikaja Chamwanamuma na Kilelengwani, Desemba ikaja Kipao. Iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka, mashahidi wakasikilizwa, wakubwa wakaketi kwenye mahema. Hakuna aliyerudi kuuliza yule mtoto wa mgongoni alisikia nini usiku ule, wala mama aliyembeba amekuwa akiota nini tangu hapo. Sasa mtoto huyo ana miguu ya kasi, nasi tunamtaka afunge magoli.

Tangu wakati huo amepitia mengi. Mto Tana ulivunja kingo 2018. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana, ng'ombe wakaanguka njiani, mahindi yakakauka shambani. Mwishoni mwa 2023 maji yakarudi kwa hasira, na Aprili 2024 yakarudi tena, hata ufunguzi wa Muhula wa Pili ukaahirishwa nchi nzima. Kuna watoto waliofanya mazoezi ya mpira wakitokea kwenye mahema ya waliohamishwa na mafuriko, na jioni wakarudi kulala humo humo. Kocha aliona mchezaji mzito wa miguu akamwambia ana uvivu.

Ipo dhuluma nyingine ambayo haisemwi, kwa sababu imevaa nguo nzuri. Baada ya umwagaji damu ule wa 2012 tulitafuta dawa ya haraka, tukaipata katika mpira wa amani. Nami sikatai, mpira huwakutanisha watu. Lakini tazameni nani aliyebebeshwa kazi hiyo. Watu wazima wameshindwa kupatana juu ya malisho na mashamba, juu ya malka, zile njia za ng'ombe kwenda mtoni, juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Walipokwisha kushindwa, wakawavisha watoto fulana na kuwapanga: kipa Mpokomo, mshambuliaji Muorma, kiungo Mwardei, haya, tuleteeni umoja. Mheshimiwa akapigwa picha katikati yao, akaondoka na gari lake. Kipa akifungwa goli la kizembe siku hiyo, mnadhani ni nini kinachonong'onwa kijijini? Kwamba amefungwa kwa sababu hana mikono? Mtoto wa miaka 16 anasimama golini akilinda nyavu na pia heshima ya kabila lake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba mzigo wa pili si wake.

Wapo watakaonicheka. Nawajua, nimeketi nao kwenye baraza za mji wa Garsen. Watasema: sisi tulicheza pekupeku, tukachapwa, tukalala njaa, na hatukuwa na washauri wala hayo mambo ya kizungu ya akili. Tumekufa?

Ndiyo, wengine wamekufa. Kenya ilikuwa na kijana akiitwa Samuel Wanjiru. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alitolewa Nyahururu akapelekwa shule ya sekondari ya Sendai Ikuei huko Japani, asome na akimbie. Huyo ni mwanafunzi mwanamichezo kamili, mtoto aliyevushwa bahari kwa sababu ya miguu yake. Agosti 24, 2008, mjini Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alikuwa na miaka 21. Mei 15, 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafariki, na nchi imebishana miaka yote hii namna alivyoanguka. Mimi sibishani nayo. Ninachojua ni kwamba miezi mingi kabla ya siku ile magazeti yalikuwa yakituuzia habari za pombe, pesa na ugomvi wa nyumbani wa kijana wa miaka 24, nasi tukayanunua. Taifa zima lilimwona akizama. Kila mtu alikuwa na habari zake, ila hakuna aliyekuwa na wajibu kwake.

Kama hayo yalimpata bingwa wa Olimpiki mwenye mameneja na wadhamini, mnatarajia nini kwa mtoto wa Oda au Ozi ambaye mdhamini wake ni ami yake mwenye bodaboda?

Njooni sasa kwenye biashara ya mamluki, aibu inayojulikana na kila mwalimu wa michezo Pwani nzima. Mtoto anang'ara kwenye mashindano ya kaunti. Anatokea mtu na lugha tamu: njoo kwetu, utasoma bure, sare juu yetu, chakula juu yetu. Mzazi aliyepoteza ng'ombe wake wote kwa ukame atakataaje? Hakuna mkataba, hakuna barua, kuna neno la mdomo tu. Mtoto anahamishwa mbali na kwao, anawekwa katika bweni ambamo hana wa kuongea naye kwa lugha ya mama yake, na anajua fika kwamba kilichokaribishwa ni goti lake, si yeye. Kisha goti linapasuka. Mwezi wa kwanza anachechemea na huruma wanayo, mwezi wa pili jina lake linaonekana kwenye orodha ya wadaiwa wa karo. Sizitaji shule hizo. Zinajijua.

Huyo mtoto anaporudi Garsen na magongo, tunampokea kwa methali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mvumilivu hula mbivu. Tunamlisha methali kwa sababu hatuna kingine cha kumpa, halafu tunashangaa mwaka haujaisha tunamwona amekaa kijiweni shavu limejaa muguka. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walitangaza marufuku ya muguka, kelele zikafika mbinguni, kesi zikaenda mahakamani. Katika kelele zote zile sikusikia anayeuliza vijana wale wanatafuna kusahau kitu gani.

Mtoto wa kike hali yake ni nzito zaidi. Yeye huvuka milango mitatu kabla hajaugusa mpira: mlango wa baba anayeona kaptura ni uchi, mlango wa ada zinazomtaka awe mke kabla hajamaliza shule, na mlango wa mwezi wake, maana taulo za hedhi si kitu cha kudumu katika shule nyingi. Akivuka yote, anamkuta kocha. Makocha wengi ni watu wema wanaotumia mshahara wao kununua maji ya timu. Wengine si wema. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, namba 3 wa 2010, unamtaka mwalimu anayejua mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Ni waraka mzuri. Ila mtoto atamwambia nani, ikiwa anayepanga kikosi ndiye anayemtisha, na anayepaswa kupokea malalamiko ndiye anayesubiri kikombe? Oktoba 2021 Agnes Tirop, bingwa wa mbio za nyika wa dunia wa 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten, na aliyeshtakiwa ni mumewe. Wenzake wakaanzisha kundi la Tirop's Angels ili wanariadha wa kike wapate mahali pa kusemea. Waliofanya hivyo ni wanamichezo wenyewe, wakiwa kwenye matanga. Wakubwa wa michezo walikuwa wapi miaka yote Tirop alipokuwa akipanda kutoka ngazi ya vijana?

Tusiende mbali, kwa jirani zetu wa Kilifi kuna shirika la Moving the Goalposts lililoanza mwaka 2001. Linawachezesha wasichana kandanda na papo hapo kuzungumza nao juu ya miili yao, haki zao na hofu zao. Zaidi ya miaka 20. Umbali kutoka Garsen hadi Kilifi ni safari ya nusu siku. Anayesema jambo hili haliwezekani Pwani hajawahi kupanda matatu.

Najua jibu litakalotoka shuleni: tunaye mwalimu wa ushauri nasaha. Naam, mnaye. Ushauri nasaha ulipendekezwa na ripoti ya elimu ya Gachathi mwaka 1976. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, na ripoti za mwaka ule kuhusu ghasia za shule zikasema tena: ushauri nasaha. Nusu karne sasa nchi hii imekuwa ikiandika maneno hayo hayo mawili kila inapozika watoto. Na matokeo yake ni nini? Ni mwalimu wa Kiswahili au wa Dini aliyekabidhiwa cheo hicho kwenye mkutano wa walimu kwa sababu ana sura ya upole. Ana vipindi tele kwa wiki, ana marundo ya madaftari, hana chumba, na mara nyingine ndiye huyo huyo wa nidhamu: asubuhi anakuandikia adhabu, alasiri anakuuliza unajisikiaje. Namwonea huruma mwalimu huyo. Hata yeye angehitaji wa kumsikiliza.

Wanaokimbilia kusema mtoto ana majini, sitagombana na imani yao. Shehe na mchungaji wanasikilizwa Tana River kuliko daktari, na ndiyo maana nawataka ndani ya kazi hii, waambiwe wazi dalili za kumpeleka mtoto hospitali: asiyelala, asiyekula, anayegawa vitu vyake anavyovipenda, anayesema watu watapumzika yeye akiondoka. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma wanakaa kuamua kesi za mazao yaliyoliwa na za ng'ombe walioibwa. Siku watakapokaa kwa ajili ya kijana aliyenyamaza tangu timu itolewe, nitakwenda mwenyewe kuwapikia chai.

Sheria haituzuii tena. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na mtoto aliyekuwa ukingoni alijua kwamba akisema ukweli, polisi huenda wakafika kabla ya muuguzi. Januari 9, 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ipige hesabu hiyo kwenye kikosi cha soka, wachezaji 11 na wa akiba: unapata wawili, pengine watatu. Na hiyo ni hesabu ya dunia nzima, haikutafutwa mahali palipoona Riketa na mafuriko.

Hata huko waliko na kila kitu, mambo si rahisi. Mwanajimnastiki Simone Biles alipojitoa kwenye fainali ya timu ya Marekani katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, akisema akili yake haiko sawa, alitukanwa na watu waliokaa kwenye makochi. Alitibiwa, akapumzika, na Paris 2024 akarudi na dhahabu tatu. Lakini Biles alikuwa na mlango wa kutokea. Mtoto wa Garsen akisema leo kichwa changu hakiko sawa, sichezi, atapata nini? Atapata benchi, na barua ya karo.

Basi wajibu ni wa nani? Hapa ndipo mpira hupigwa pasi za pembeni mpaka dakika tisini ziishe. Kaunti inasema sekondari ni za serikali ya kitaifa. Wizara inasema afya imegatuliwa. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, halina mafumbo: vituo vya afya vya kaunti ni vya kaunti, na shughuli za michezo pamoja na viwanja vyake ziko kwenye orodha ya kaunti vilevile. Ongezeni Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa 2022, inayozitwika kaunti jukumu la kutoa huduma hizo katika vituo vyake. Mtoto ambaye ni mgonjwa na ni mchezaji ni wa kaunti mara mbili. Wizara nayo isijifiche nyuma ya hilo. Bima ya EduAfya iliyoanza 2018 iliachwa ife mwisho wa 2023, na mwaka huu wa 2026 Gredi ya 10 imeanza huku michezo ikiwa sehemu ya mkondo rasmi wa masomo, Sanaa na Sayansi ya Michezo. Jana goti likivunjika mtoto alikosa kikombe. Leo anaweza kukosa mkondo wake wa elimu. Mmeufanya mguu kuwa mtihani, na kichwa kinachoubeba mtihani huo mmekiacha nje ya bajeti.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi. Timu yoyote isivuke mpaka wa kaunti kwenda mashindano ya Pwani bila mshauri aliyesomea kazi yake kuwa ndani ya basi, kama isivyoruhusiwa kwenda bila vyeti vya kuzaliwa. Mshauri huyo asiwe chini ya kocha wala mwalimu mkuu, na anachoambiwa na mtoto kisifike kwao, isipokuwa maisha ya mtoto yakiwa hatarini. Shule inayomchukua mchezaji kutoka kwao iandike barua: karo yake italipwa mpaka Kidato cha Nne au Gredi ya 12, awe anacheza au amelala na plasta. Isiyotaka kuandika ifungiwe msimu mzima. Hospitali ya Ngao na ile ya Hola ziwe na siku inayojulikana kila wiki ya vijana kuonana na mtaalamu wa akili. Haitoshi kumwambia mzazi ampeleke mtoto hospitali ya Port Reitz, Mombasa, zaidi ya kilomita 200, kwa nauli aliyokopa.

Fedha? Mwaka 2020 jopo la Dkt. Frank Njenga liliiambia serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Janga halisubiri salio. Kwenye karatasi, mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka, na ndani yake mna fungu la michezo. Anzeni na hilo, hata kama hela zenyewe huja nusu na kwa kuchelewa. Upande wa kaunti, sheria inataka makadirio ya bajeti yafikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo hufanyika, na sisi huenda kudai kisima, barabara na basari, mambo ya haki kabisa. Safari hii mzazi wa Garsen mwenye mtoto timuni asimame, aseme jina lake na kijiji chake, kisha aombe asomewe mstari wa mshauri wa wachezaji, aambiwe uko ukurasa gani. Wakimwambia hakuna fedha, asiketi. Aombe asomewe pia mistari ya vikombe, fulana za mheshimiwa, mahema na viti vya wageni, mmoja mmoja, kwa sauti.